KAPITISHA MKANDA WA MAKAA KATIKATI YA VINU VYANGU VYA NYUKLIA!!!

Wakuu, silali leo. Jina simtaji, mnamjua wote. Ni yuleyule wa seva yetu ya Factorio, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga viwanda, anayeingia usiku wa manane, anashika visivyomhusu, asubuhi anakwambia "nimerekebisha kidogo tu".

Natoka zangu mishemishe Buzuruga, nafungua mashine, kiwanda kizima kinawaka alama za njano za umeme mdogo. Mikono ya mashine inajikongoja na bati mojamoja. Nafuata nyaya mpaka kwenye vinu. Mungu wangu.

Vinu vinane, safu mbili, vimegusana ubavu kwa ubavu. Kinu kikiwa peke yake ni megawati 40 basi, ila kila jirani kinachokigusa kinakiongezea 40 nyingine. Nilikuwa natoa 1,120! Upande wa ziwani nimeacha wazi makusudi, kila nikiongeza jozi napata 320 zaidi bila kuvunja hata bomba. Huyu bwana kainua safu nzima ya kusini, kaisogeza mraba mmoja, pale katikati kapitisha MKANDA WA MAKAA. Makaa, wakuu! Kwenye nyuklia!

Zimebaki 800. Mashine moja ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 235, yeye kaua 320 ili makaa yafike kwenye plastiki zake! Na ulaji wa mafuta ya urani haupungui ng'o, kila kinu kinameza kipande chake kila sekunde 200 kama kawaida.

Nikamuuliza kwa upole kabisa. Akacheka. Akaniita FUNDI KOROBOI, vijana wote wa Nyegezi wanasikiliza. Mimi! Niliyepanga vibadilisha joto 112 na turbini 193, koroboi! Kule nyuma pana uwazi wa kupita MV Victoria na abiria wake, si angeuzungusha huko?

Narudia. Makaa. Katikati ya vinu.

Sato wa Kirumba: Fundi koroboi hahahaa, mbavu zangu jamani.

Mawe Matatu: Povu lote hili kwa mkanda mmoja? Mkuu, oga ulale.

Mleta uzi: Vinu vyako vingepitishiwa makaa ungelala?

Binti Ziwa: Afadhali yako kaka. Huyohuyo kafukia ufukwe wangu wote, nilipotenga pa kuweka pampu sasa ni nchi kavu. Turbini zangu hazijawahi kuonja mvuke. Wewe unalia na 800, mimi nina sifuri.

Kamanda Igoma: Nyie wote hamjaumizwa. Mnajua urani 235 inavyotoka, asilimia 0.7 tu? Nimekusanya punje kwa punje, zimebaki mbili zifike 40 nianzishe Kovarex, ule mchakato wa kuizidisha, mtu kazikomba akaunda bomu la atomiki.

Sato wa Kirumba: Lilipiga wadudu lakini?

Kamanda Igoma: Lilipiga kituo cha treni.

Binti Ziwa: Heee! Ndiyo maana shaba yangu haifiki!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Safu ya kusini, mraba mmoja, MAKAA.

Mawe Matatu: Mada gani tena, kituo kile nilijenga mimi! Nani karusha bomu? Aseme hapahapa.

Kamanda Igoma: Si huyohuyo. Kwanza hata mchango wa seva mwezi huu hajatoa.

Binti Ziwa: Wasiotoa ni wengi, Sato naye yumo.

Sato wa Kirumba: Dada, mvua imenyeshea dagaa wangu wote juu ya mawe, nitoe nini? Halafu mbona Mawe Matatu humtaji?

Mawe Matatu: Mimi nilitoa tarehe mosi, muulize Kamanda.

Kamanda Igoma: Ulitoa nusu.