Nimwelekezeje rafiki kwenye mgahawa au baa ya mvinyo ninayoipenda?

Mwenye daftari (swali)

Habari zenu wanajukwaa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika katika daftari dogo majina ya migahawa na baa za mvinyo zilizonipendeza, na marafiki zangu wamezoea kuniuliza waende wapi kila wanapotaka kula nje. Nililifurahia jukumu hilo mpaka mwezi uliopita, rafiki yangu wa karibu aliponiomba nimtajie mahali pa kwenda na wazazi wake. Nilimtajia mgahawa ninaoupenda kuliko yote, bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa mimi mwenyewe sijawahi kutoka pale bila kuridhika. Walikwenda Ijumaa usiku, wakaketishwa karibu na mlango wa jikoni, chakula kikachelewa, na muziki ulikuwa juu kiasi kwamba baba yake, ambaye masikio yake yamepungua nguvu, alikaa muda wote akiitikia kwa kichwa maneno asiyoyasikia. Rafiki yangu hakunilaumu, lakini nilipomuuliza mambo yalikwendaje alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, na kimya kile kimenikaa moyoni.

Nimeyatafakari sana tangu siku hiyo. Mimi huenda pale mchana, katikati ya wiki, peke yangu au na mtu mmoja, na sikumweleza hata moja kati ya hayo. Naomba ushauri wenu: mnapompendekezea rafiki mahali, mnamwambia nini hasa? Je, ni heri kumpa orodha nzima achague mwenyewe, au kumtajia sehemu moja tu? Na kuhusu baa za mvinyo, ambako ujuzi wangu ni mdogo, nitajuaje kwamba kilichonipendeza ni mvinyo wenyewe na namna unavyotunzwa, si taa na viti?

Mhudumu wa zamani

Pole kwa yaliyompata rafiki yako na wazazi wake. Nimehudumia meza kwa miaka mingi, na ninaweza kukuhakikishia kwamba mgahawa wa mchana na mgahawa wa Ijumaa usiku ni migahawa miwili tofauti, hata kama jina, menyu na mpishi ni vilevile. Meza nyingi zinapoketishwa ndani ya robo saa moja, oda zote hufika jikoni kwa pamoja, na mpishi anayesimamia jiko moja hawezi kuharakisha kitu kinachohitaji dakika ishirini motoni. Ndiyo maana mgeni aliyefika nusu saa kabla ya wimbi hilo hula kwa utulivu, na aliyefika katikati yake husubiri. Ukimtajia rafiki jina la mahali bila kumtajia saa, umempa nusu ya habari.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kuuliza, kabla sijataja jina lolote: mnakwenda kwa ajili ya nini, na nani atakuwapo? Watu wanaotaka kuzungumza jambo zito, watoto wanaochoka haraka, mzazi asiyeweza kupanda ngazi na wawili wanaotaka kukaa mpaka usiku wa manane, wote wanaweza kupenda chakula kilekile, lakini si lazima wapende chumba kilekile. Suala la kelele ni zito kuliko watu wengi wanavyodhani. Mazungumzo ya kawaida huwa ya takriban desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ukumbi uliojaa, wenye sakafu ngumu, kuta za vioo na madirisha yasiyo na mapazia, unaweza kupita 80 kwa urahisi, kwa sababu sauti haifiki ukutani ikanyamaza bali hugonga na kurudi tena, na kila meza hulazimika kupaza sauti kuishinda meza jirani. Mtu mwenye usikivu hafifu husaidika sana akikaa pembeni, mgongo ukiwa umeelekea ukutani, ili kelele zisimjie kwa nyuma na aweze kuona midomo ya wanaozungumza naye. Meza ya namna hiyo huombwa wakati wa kuhifadhi nafasi, kwa sababu ukiwa umekwisha kufika, mhudumu hana tena cha kukupa ila kilichobaki.

Jambo jingine ni mzio (aleji) wa chakula. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inawataka wanaouza chakula watoe taarifa kuhusu viambato 14 vinavyojulikana kuleta mzio, vikiwamo karanga, maziwa, mayai na ngano. Lakini popote ulipo, usimpeleke rafiki mwenye mzio mahali ambapo hujawahi kusikia swali la mzio likijibiwa, na mwambie autaje mzio wake siku anapohifadhi meza, si sahani inapowekwa mbele yake.

Nyuma ya kaunta

Ninafanya kazi katika baa ya mvinyo, hivyo nitajibu sehemu hiyo tu. Huhitaji kujua majina ya mashamba wala aina za zabibu ili kutambua baa inayojali kazi yake. Angalia kwanza mvinyo unaouzwa kwa glasi. Chupa ya kawaida ni mililita 750, nayo hutoa glasi tano za mililita 150. Mara kizibo kinapotoka, hewa huanza kuubadilisha mvinyo, na baada ya siku chache ule uliokuwa na harufu ya matunda huwa umefifia au umechachuka. Sasa fikiria baa yenye aina arobaini za mvinyo wa glasi katika orodha yake na wateja wanane ukumbini: kama hawana njia ya kuzihifadhi chupa zilizofunguliwa, kwa mfano kwa kuzijaza gesi ya agoni inayozuia hewa isigusane na mvinyo, basi baadhi ya chupa hizo ni za wiki iliyopita. Orodha fupi inayobadilika mara kwa mara hunipa imani zaidi.

Uliza, kwa upole, chupa hiyo ilifunguliwa lini. Pale ninapofanya kazi tunabandika kipande kidogo cha karatasi shingoni mwa chupa, chenye tarehe na saa iliyoandikwa kwa kalamu, na mteja akiuliza tunamgeuzia chupa ajionee mwenyewe. Mhudumu mzuri hatakasirishwa na swali hilo, na mara nyingi atakumiminia kidogo uonje kabla hajajaza glasi.

Halijoto nayo husema mengi. Mvinyo mwekundu mzito hupendeza kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi, mwekundu mwepesi huvumilia ubaridi zaidi ya hapo, na mweupe hukaa vizuri kati ya 8 na 12. Chupa ya mvinyo mwekundu iliyosimama kwenye rafu juu ya kaunta yenye joto, karibu na taa, itakupandishia puani harufu ya pombe kabla ya harufu nyingine yoyote. Kisha inuse glasi ikiwa tupu. Ikiwa inanuka kitambaa kibichi au kabati, mvinyo wowote utakaomiminwa humo utabeba harufu hiyo. Na kama mvinyo wenyewe unanuka kama boksi la karatasi lililoloa, kosa ni la kizibo kilichopata kemikali iitwayo TCA. Hakuna wa kulaumiwa pale, lakini baa nzuri huiondoa chupa hiyo bila mabishano na kufungua nyingine.

Naomba pia uwakumbuke marafiki wasiokunywa, na yule atakayeendesha gari. Kabla ya kuipendekeza baa kwa kundi la watu, tazama kama asiyekunywa anahudumiwa kwa heshima ileile na kuletewa kinywaji kilichoandaliwa kwa makini, au anawekewa glasi ya maji na kusahauliwa mpaka wenzake watakapoondoka.

Msomaji wa miongozo

Ninakubaliana na wenzangu kwa mengi, ila ningependa kuongeza jambo kuhusu kipimo cha sifa yenyewe. Miongozo kadhaa mashuhuri ya migahawa ilizaliwa kutokana na swali hilihili la rafiki kumuuliza rafiki. Duncan Hines alikuwa mchuuzi aliyezunguka Marekani kikazi, akiandika mahali alipokula vizuri. Watu walimuuliza mno, hata Krismasi ya mwaka 1935 akawatumia marafiki zake orodha iliyochapishwa, na mwaka uliofuata ikawa kitabu. Tim na Nina Zagat waliuanza mwongozo wao huko New York mwaka 1979 kwa kukusanya maoni ya marafiki zao. Hata nyota za Michelin, mwongozo wa Kifaransa wa migahawa, zilizoanza mwaka 1926, zilipata maana inayohusu safari: moja ni mahali panapostahili kusimama ukiwa njiani, mbili ni panapostahili kuiacha njia yako kidogo, tatu ni panapostahili safari ya peke yake. Mimi hutumia kipimo hicho kwa marafiki zangu, kwa sababu kinasema jambo ambalo neno "pazuri" halisemi. Kumwambia mtu "ukiwa maeneo yale ingia" ni tofauti kabisa na kumwambia "panda basi uende", na mara nyingi mtu huvunjika moyo kwa sababu alitoka mbali kufuata mahali palipostahili kuingiwa kwa kupita tu.

Kuhusu kumpa rafiki orodha nzima, sishauri. Orodha ndefu anaweza kuipata kwenye simu yake, pamoja na nyota za watu asiowajua, ambazo zina udhaifu wake: mwaka 2017 mwandishi mmoja wa London aliufikisha mgahawa usiokuwapo, ambao kwa kweli ulikuwa banda katika bustani yake, kwenye nafasi ya kwanza jijini humo katika TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wateja. Rafiki anapokuuliza wewe anataka uamuzi wako. Mtajie mahali pamoja, na pa pili pa akiba endapo pa kwanza pamejaa au pamefungwa. Hapo pia natofautiana kidogo na Mhudumu: usimwelekeze hadi chakula cha kuagiza na kiti cha kukalia kama hakuna sababu ya pekee, maana furaha ya kujigundulia kitu ni sehemu ya matembezi.

Andika pia tarehe uliyokwenda mara ya mwisho, na umwambie. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hata pasipo sifa, mpishi mmoja akihama, ladha huhama naye. Ukisema "nilikula pale miaka miwili iliyopita" umekuwa mkweli, na rafiki yako ataamua mwenyewe.

Mwenye daftari

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana nilikaa na daftari nikaandika upya kurasa za mwanzo. Mahali palipokuwa na jina na alama ya moyo tu, sasa pameandikwa hivi: "Mchana, siku za kazi. Watu wawili, wasizidi watatu. Meza ya dirishani ni tulivu, za nyuma zina kelele. Ngazi saba mlangoni, hakuna mteremko. Mara ya mwisho: wiki tatu zilizopita. Panastahili ukiwa njiani." Nilipomaliza nilitambua kwamba mgahawa niliomwelekeza rafiki yangu bado ni mzuri, na kwamba kwa wazazi wake ulikuwa si mahali pake hata kidogo. Nimempigia simu nikamweleza hivyo na kumwomba radhi.

Sasa anataka kujaribu tena nao, na ameniomba nimchagulie mimi. Nina mahali akilini, ukumbi mdogo wenye mazulia na mapazia mazito, usiopigwa muziki, lakini sijawahi kwenda usiku. Je, nimtajie?

Mhudumu wa zamani

Mtajie, ila mwambie wazi kwamba usiku hujapaona, au nenda wewe kwanza jioni moja, ukae kwa kinywaji kimoja na usikilize ukumbi ukijaa. Ukiridhika, piga simu katika saa zile zilizotulia kati ya chakula cha mchana na cha jioni, ambapo anayepokea ana nafasi ya kukusikiliza na daftari la nafasi liko mbele yake. Sema kwamba kuna mzee asiyesikia vizuri, omba meza ya pembeni iliyo mbali na jikoni, na uombe wafike mapema kabla watu hawajajaa. Omba ombi hilo liandikwe, kwa sababu atakayewapokea mlangoni huenda si yule uliyezungumza naye.