Nimepata jakuzi la mtumba, nianzie wapi kulifunga nyumbani?

Kipepeo
Wakuu, habari zenu. Jirani yangu anahama na ananiachia jakuzi lake (beseni kubwa la kukalia la maji ya moto) la watu 5, lile ambalo pampu na hita vimo humo humo. Limekaa kavu muda mrefu. Kibandiko kinaonyesha linachukua lita 1,200. Nalitaka kwa ajili ya baba, magoti na mgongo vinamsumbua sana na maji ya moto humpa nafuu. Nimefikiria kuliweka kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, nje ya chumba chake, asihangaike na ngazi. Nikague nini kabla ya kulihamisha? Na umeme wake ukoje?

Fundi Zege
Mkuu, roshani hapana. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 1,200. Jumlisha jakuzi lenyewe na watu, unakaribia tani mbili kwenye eneo la kama mita 2 kwa 2. Sakafu za vyumba kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Roshani huongezewa, lakini mpaka mhandisi akague na kuthibitisha, usithubutu. Mwaga zege chini, sentimita 10 lenye wavu wa nondo, kifusi kishindiliwe vizuri, na upitishe pima maji pande zote. Acha nafasi ya mtu kupiga magoti upande wa pampu, siku moja utaihitaji. Baba mjengee ngazi fupi yenye mshikio.

Mpenda Bustani
Mimi nimeliweka juu ya vitofali vya kupanga na mpaka leo limetulia.

Fundi Zege
Basi aliyekushindilia udongo alifanya kazi yake. Udongo ukititia kona moja, bodi ya jakuzi hujipinda na kupasuka, na ufa wa bodi ni shida kubwa kuliko ya pampu.

Dada Mabomba
Kipepeo, kabla hujaita watu wa kubeba, mwombe jirani alijaze maji na kulichemsha pale pale lilipo. Hapo ndipo utajua umepewa jakuzi au mzigo. Fungua ubao wa pembeni, umulike na tochi chini ya pampu. Lililokaa kavu, mpira wa shafti ya pampu hukauka na kuvujisha. Unabadilishika, usikatishwe tamaa na hilo. Ila ukikuta sponji ya kuzuia joto imelowa sehemu ambayo huoni bomba lolote linalovuja, fikiria mara mbili. Angalia pia vifuniko vya matundu yanayofyonza maji. Kikiwa kimevunjika au hakipo, asiingie mtu, nywele zinaweza kunaswa na mtu akazama. Wakati wa kubeba lisimamishwe kwa ubavu, na asishike mtu kwenye mabomba.

Volti
Umeme: laini yake peke yake kutoka meinswichi, breka yake, na swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30. Waya wa ekstensheni usiuguse. Fundi asome kibandiko kwanza, maana unene wa waya unategemea ampea zilizoandikwa pale. Kuhusu kuchemka: hita ya kilowati 3 itachukua saa 7 au 8 kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 22 hadi 38, na mfuniko ukiwa juu. Mfuniko uwe na kufuli kama kuna watoto.

Kipepeo
Asanteni sana, roshani nimeachana nayo. Tulilijaza kwa jirani, halivuji, hita inafanya kazi. Lakini tulipowasha jeti, yale matundu yanayosukuma maji kwa nguvu, vilitoka vipande vyeusi na harufu ya uvundo. Nikibadilisha maji inatosha?

Dada Mabomba
Haitoshi, dada. Huo ni utando wa bakteria ulioshika ndani ya mabomba, na humo ndimo Legionella hujificha, wale wanaoleta nimonia mtu akivuta matone ya maji. Kwa mzee ni hatari zaidi. Toa filta, tia dawa ya kusafishia mabomba ya jakuzi, endesha jeti zote. Litapanda povu la kahawia lenye nyuzi za ute, usiogope, hicho ndicho unachokitafuta. Mwaga, futa, jaza, rudia mpaka povu litoke jeupe. Kisha jaza upya, tia klorini nyingi ya kuua vilivyobaki na uzungushe maji. Filta nunua mpya. Baada ya hapo klorini isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe kati ya 7.2 na 7.8. Pima kila kabla ya kuingia.

Na baba kama anatumia dawa za presha au moyo, daktari wake aulizwe kwanza. Akiruhusiwa, muanzie nyuzi 37, dakika chache, asiachwe peke yake.

Kipepeo
Limeshakaa kwenye zege, mabomba safi. Sasa pampu inaunguruma lakini maji hayatembei!

Volti
Zima haraka, usiiache ikaungua.

Dada Mabomba
Hewa imenasa. Umeme ukiwa umezimwa kwenye breka, legeza kidogo yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguliwa kwa kuzungusha) ya juu ya pampu mpaka usikie hewa inatoka na maji yaanze kuchuruzika, halafu kaza kwa mkono na uwashe. Siku nyingine ukijaza, ingiza mpira wa maji kwenye tundu la filta, hewa itasukumwa nje yenyewe.