Kunoa tangsteni za TIG: grinda ya mezani, drili au mota ya cherehani?

mchomeaji_tabata
Wakuu, habari za kazi. Nachomea mageti na mikono ya ngazi za stenlesi kwa TIG, ule uchomeaji wa umeme na gesi ya argoni. Tangsteni, yaani vile vijiti ambavyo moto unatokea nchani, natumia za milimita 1.6 na 2.4. Mashine ya kunolea ya dukani nimeulizia bei Kariakoo, nikaaga. Nataka kujiundia. Grinda ya mezani ninayo. Au drili ya betri ishike tangsteni na kuizungusha kwenye diski. Au mota ya cherehani niifunge diski ya almasi. Ipi?

fundi_gerezani
Grinda ya mezani itakuliza. Jiwe hilohilo vijana wananolea patasi, masalia ya chuma yanaganda kwenye tangsteni, ukiwasha tu moto unatema. Ukiing'ang'ania, nunua jiwe jipya, liandike TANGSTENI kwa rangi, na atakayeligusa arudi kwao.

dada_fundi
Mimi ni wa drili. Ncha inatoka duara safi. Ila kaka, angalia ulalo: mikwaruzo ifuate urefu wa tangsteni kuelekea nchani. Mwanzoni niliikingamisha, mikwaruzo ikawa pete pete, moto ukawa unatangatanga. Nikalaumu gesi, nikabadilisha mtungi mzima wa argoni. Kumbe mkono wangu.

mzee_wa_mota
Cherehani. Kapedali kake kanakupa mwendo unaoutaka. Diski tafuta bapa, yenye almasi usoni. Ile ya kukatia vigae inakwangua mno. Tundu la diski ni pana kuliko shafti, kwa hiyo mpelekee fundi wa lezi akukerezee bushi, pete ya kujaza hiyo nafasi. Ikicheza kidogo tu, ncha yote inatetemeka.

Ila mota yoyote itanoa, mwanangu. Kishikio ndicho chenye kazi. Chukua kipande cha mninga au aluminiamu, toboa kwa biti ya 2.5 kwa ajili ya tangsteni ya 2.4, tundu liegemee nyuzi 15 na uso wa diski. Hapo ncha inatoka nyuzi 30, urefu karibu mara 2 ya unene. Unazungusha kwa vidole tu. Mwisho ibutue kidogo, maana ncha ya sindano inayeyuka na kudondokea kwenye mshono.

fundi_gerezani
Mzee, nyuzi 30 kwa kila kitu? Mimi chuma kinene nanoa butu zaidi, moto unazama na mshono unakuwa mwembamba.

mzee_wa_mota
Yeye kasema mikono ya ngazi, bomba jembamba lile. Akitaka atoboe na tundu la pili, la nyuzi 30, apate ncha ya 60.

mchomeaji_tabata
Nimewaelewa. Zangu zina rangi nyekundu kichwani, kuna neno?

dada_fundi
Lipo. Nyekundu ina oksidi ya thoriamu, asilimia 2, na thoriamu ina mionzi. Kuishika si tatizo, hatari ni vumbi lake likiingia mapafuni. Zikiisha hamia bluu, ya lanthanamu, inachomea stenlesi na aluminiamu vilevile. Diski iwekee kisanduku, vaa barakoa, vumbi lifute kwa kitambaa kibichi. Kompresa usiiguse kabisa, utalitawanya karakana nzima.

mchomeaji_tabata
Basi cherehani. Mota ipo nyumbani, ya mama, siku hizi hashoni sana. Sijamwambia.

mzee_wa_mota
Mwambie kabla hujakereza bushi.