UConn isajili pointi gadi sasa hivi, hizi hadithi za "vijana wetu" zimetosha!

Wakuu, leo ni Aprili 2025, nimesoma nyuzi za humu wiki nzima kuhusu timu yetu ya kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn), na hasira zimenipanda. Kila anayesema tutumie dirisha la uhamisho kuleta pointi gadi, yaani mtu wa kupandisha mpira na kupanga mashambulizi, anarukiwa, eti tutosheke na vijana tuliowachukua sekondari na kuwakuza wenyewe. Ataambiwa si shabiki wa kweli, hajui utamaduni wa Storrs, mji wa chuo chetu, anataka timu ya mamluki. Kuna mmoja kafika hadi kumtaja Hasheem Thabeet, kwamba enzi zile UConn ilikuza vijana wake yenyewe, ndiyo maana kijana wa Dar es Salaam akatoka pale na kuchaguliwa wa pili NBA mwaka 2009.

Thabeet ndiye aliyetuingiza wengi wetu Watanzania kwenye timu hii, nami nimo, kwa hiyo jina lake mlitumie kwa haki. Wakati wake mchezaji aliyehama chuo alikaa nje msimu mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza. Kanuni hiyo ililegezwa 2021, na tangu 2024 mtu anaweza kuhama hata kila mwaka na kucheza moja kwa moja, ilimradi masomo yake yako sawa. Mnataka kocha wetu Dan Hurley aendeshe timu ya leo kwa kanuni zilizokwishafutwa, halafu tukitolewa mapema mje tena humu kulia.

Naomba mtu anijibu. Ubingwa wa 2023 na 2024 tuliupataje? Machi 2022 New Mexico State walitutoa raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa ya vyuo, 70-63. Kiangazi hicho hicho Hurley akaleta wanne kutoka vyuo vingine: Tristen Newton wa East Carolina, Joey Calcaterra wa San Diego, Nahiem Alleyne wa Virginia Tech na Hassan Diarra wa Texas A&M. Aprili 2023 tukamfunga San Diego State 76-59 na kubeba kombe. Akaongeza Cam Spencer kutoka Rutgers, na Aprili 2024 tukampiga Purdue ya Zach Edey 75-60. Mchezaji bora wa hatua ile ya timu nne za mwisho alikuwa Newton, na kwenye fainali yenyewe alifunga pointi 20 na kutoa asisti 7. Alianzia East Carolina huyo! Donovan Clingan, Alex Karaban na Stephon Castle walikuja kwetu moja kwa moja kutoka sekondari, na hakuna hata mmoja wao aliyezibiwa njia na Newton au Spencer. Walikua kwa sababu walipewa mpira mahali sahihi na watu wanaojua kazi.

Sasa nageukia benchi la ufundi, maana huko nako kuna madudu. Baada ya ubingwa wa pili Newton, Spencer, Castle na Clingan waliondoka wote kwa mpigo kwenda NBA. Pengo lililokuwa wazi kuliko yote ni la mtu wa kupandisha mpira na kupanga mashambulizi. Tukamleta Aidan Mahaney kutoka Saint Mary's, mfungaji, aliyekuwa anapata karibu pointi 14 kwa mchezo kule. Hajawahi kuwa Newton na hakuomba kuwa Newton. Mkamchukua mtu wa kurusha mkampa kazi ya kuchezesha, akafika kwetu akashindwa hata kufikisha wastani wa pointi 5. Kijana wa watu simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyetazama orodha ya majina na pointi badala ya kutazama shimo lililoko kwenye timu yake.

Matokeo yake Diarra, ambaye mwaka wa ubingwa alikuwa anatokea benchi na kuifanya kazi hiyo vizuri mno, akabebeshwa timu nzima huku goti linamuuma. Novemba 2024 tukaenda kwenye mashindano ya Maui, Hawaii, tukiwa mabingwa watetezi, tukapigwa na Memphis, Colorado na Dayton, mfululizo. Msimu mzima tulikosa mtu wa kutuliza mchezo pale timu inapobanwa. Tukaingia mashindano ya taifa tukiwa tumepangwa nafasi ya 8 kwa ubora kati ya timu 16 za kundi letu. UConn! Nafasi ya 8!

Na ninyi mmelichukua jina la Mahaney mkalifanya ushahidi kwamba wachezaji wa kuhamia hawafai. Mbona hamsemi kwamba Tarris Reed naye alihamia msimu huo huo kutoka Michigan na akatufaa sana chini ya kikapu? Tulikuwa na upungufu wa senta, tukaleta senta, akacheza usenta.

Tulipotolewa na Florida kule Raleigh 77-75, nani alituua? Walter Clayton Jr., pointi 23, na ile mitupo ya pointi tatu ya dakika za mwisho ambayo bado inaniuma. Alitoka Iona. Mwenzake Will Richard alitoka Belmont, Alijah Martin akatoka Florida Atlantic. Timu hiyo ndiyo tuliyoiona alfajiri ya Aprili 8, 2025, kwa saa zetu, ikimfunga Houston 65-63 na kuwa bingwa. Houston nao mpira wao ulikuwa unapandishwa na Milos Uzan kutoka Oklahoma, na pembeni yake LJ Cryer kutoka Baylor. Auburn walibebwa na Johni Broome wa Morehead State. Hata Duke, wenye chipukizi Cooper Flagg na Khaman Maluach, walimwanzisha Sion James wa Tulane. Hizo ndizo timu nne zilizobaki mwisho mwaka 2025.

Vyuo vidogo kama Iona na Belmont vinaumia, nakubali, na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inapaswa kulitazama hilo. Lakini UConn ikikunja mikono hailindi Iona. Mchezaji atahama tu, atakwenda kwa wapinzani wetu St. John's, halafu tutakutana naye kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akiwa na jezi yao nyekundu.

Kama hamuamini wanaume, angalieni wanawake wetu wenyewe. Jumapili ya Aprili 6, 2025 kocha wao Geno Auriemma kachukua ubingwa wa 12 kwa kuwachapa South Carolina 82-59. Alikuwa na Paige Bueckers, Azzi Fudd na Sarah Strong, vipaji ambavyo chuo chochote Marekani kingevililia, na bado alikwenda kumchukua Kaitlyn Chen kutoka Princeton. Chen ni pointi gadi. Geno aliona anahitaji mikono mingine ya kushika mpira, akaifuata. Hakuna aliyemwambia kavunja utamaduni.

Wala sisemi tufanye kama Kentucky ya Mark Pope, aliyeanza msimu wa 2024-25 bila mchezaji hata mmoja wa ufadhili aliyebaki kutoka msimu uliotangulia. Hilo silitaki. Solo Ball abaki, Jaylin Stewart abaki, na Karaban akikubali kurudi tutashukuru. Ninachodai ni pointi gadi, aliyekomaa, aliyekwishacheza dakika nyingi na anayejua kukaba. Na mwingine wa kumpokezana naye, ili lisitukute tena la Diarra na goti lake.

Na suala la mapenzi ya jezi, kwamba hawa wanafuata pesa: tangu Julai 2021 kila mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na wale tuliowachukua sekondari nao wanalipwa. Spencer alivaa jezi yetu msimu mmoja tu. Anayedai Spencer hakuipigania aje aandike hapa chini kwa jina lake la humu.

Diarra amemaliza miaka yake. Braylon Mullins anayekuja kutoka sekondari kule jimbo la Indiana ni mshutaji. Ball ni mshutaji. Dirisha la mwaka huu wa 2025 lilifunguliwa Machi 24 na linafungwa Aprili 22, na kila siku gadi mzuri anachukuliwa na wengine. Kwa hiyo wale wa "vijana wetu" nitajieni jina moja tu, kutoka orodha tuliyo nayo leo, la mtu atakayepandisha mpira Novemba akiwa amebanwa uwanja mzima. Moja tu. Nipo hapa nasubiri.