Mtoto wa miezi 22, maneno matano tu: nisubiri au nimpeleke?

MamaKondele: Hamjambo wazazi wenzangu. Kijana wangu ana miezi 22 na maneno yake nayahesabu kwa vidole: mama, maji, guok (mbwa), kukhu (bibi), na "bi" (njoo) akitaka umfuate. Baba yake humsemesha Kijaluo, mimi Kibukusu, dada wa kazi Kiswahili. Jirani anasema tumemchanganya, tubaki na lugha moja. Mama mkwe anasema wavulana huchelewa, nitulie. Situlii. Ukimtuma viatu vya baba analeta vya baba kweli, si vyangu. Jana kafunika mwiko kwa leso, akaupigapiga kama anambembeleza mtoto. Akili ipo, ama najipa moyo? Jioni nikitoka kazini namkuta kwenye katuni za simu.

MwalimuChekechea: Hujipi moyo. Anayebembeleza mwiko ameshajua kitu kimoja kinaweza kuwakilisha kingine, na neno nalo ni hivyo hivyo. Kibukusu usiache! Lugha tatu hazimcheleweshi mtoto. Hesabu maneno ya lugha zote: akisema "maji" na kesho "pi", yaani maji kwa Kijaluo, hayo ni mawili.

BabaNjoro: Anakuonyesha vitu kwa kidole? Ukimwita kutoka nyuma anageuka? Wangu hakugeuka, tukamwita mkaidi. Kumbe maji yalikuwa yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio. Tulipoteza karibu mwaka mzima tukiambiwa ataongea tu.

MamaKondele: Kidole anaonyesha, hata ndege wakipita juu. Kugeuka... akiwa na katuni hageuki. Nilidhani ni katuni.

NesiWaKliniki: Mama, maneno matano kwa miezi 22 si ya kusubiri. Wengi wakifika miaka 2 wana kama 50 na wanaunganisha mawili, "maji ingine". Nenda kliniki wiki hii na kijitabu cha mama na mtoto, uombe masikio yapimwe kwanza. Na akipoteza neno alilokuwa nalo, usingoje hata siku moja. Kuhusu simu, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Akifika miaka 2, isizidi saa 1 kwa siku. Dada usimgombeze. Mwombe tu akimenya viazi amtajie mtoto anachofanya, kisha anyamaze kidogo amngoje ajibu.

MamaKondele: Asanteni sana. Simu iko juu ya kabati. Alhamisi nimeomba ruhusa kazini. BabaNjoro, wako anaongea sasa?

BabaNjoro: Ana miaka 5. Kwenye matatu huniuliza maswali kutoka Njoro hadi Nakuru mjini.