Tupeane uzoefu: wewe hujuaje upepo wa mvua unakuja kabla haujakung'olea mabati?

Mwenye Nyumba, Mamboleo
Wakuu wa Kisumu na majirani, hii kitu inanikereketa tangu Jumamosi. Mawingu niliyaona mapema, tangu saa tisa, meusi tititi kule juu upande wa Nandi, nikajiambia bado iko mbali wacha nimalize kufua. Hakuna tone lilikuwa limeanguka. Mara joto likakatika, ni kama mtu amefungua friji mbele ya uso wako, nguo zote kwa kamba zikageuka zikaelekea ziwani, na kabla nishike beseni upepo ulikuwa umeshaingia chini ya paa. Mabati nane! Mvua yenyewe ilikuja dakika kama tano baadaye ikanipata nimesimama sebuleni naangalia mbingu. Kwa hivyo mimi siulizi mvua, nauliza huo upepo unaotangulia. Leteni story zenu, za ukweli, si za kuforwadiwa.

Boda wa Kondele
pole sana. mimi siangalii wingu naangalia vumbi. ukiona vumbi limesimama kama ukuta huko Kibos na juu yake kuna wingu limelala chini, refu, limejikunja kama mkeka, hapo usibebe mteja hata akiongeza mia. mimi nilibeba. tukafika kwa ile njia ya wazi upepo ukatupiga ubavuni, pikipiki ikalala, mama wa watu na kuku wake wawili mtaroni. kuku mmoja hatukumuona tena na nililipa

Nyar Ahero
Sisi familia tuko na radar yetu, inaitwa simu 😂 Dadangu ameolewa Kapsabet, binamu yuko Chemelil, mimi Ahero, mama yuko Nyalenda. Miezi ya Machi mpaka Mei mvua ya jioni mara nyingi inazaliwa huko milimani mchana ikishuka huku kwetu. Kapsabet akisema ni giza tunangoja tu, maana nyingi hufia njiani. Lakini Chemelil akisema matawi yanavunjika, mimi nafunga kuku nampigia mama, na yeye huwa na kama dakika arobaini hivi, siku zingine hazifiki. Uzuri wake hatuulizani kama inanyesha, tunaulizana UPEPO UKO AJE. Hilo swali moja limetuokolea vitu vingi kuliko utabiri wa kwenye simu, ambao kila siku ni picha ileile ya wingu na radi.

Taa ya Omena
nyinyi wa nchi kavu mko na bahati yenu ni ya jioni. kwa maji ni usiku. mchana ziwa linasukuma upepo kwenda nchi kavu, usiku inageuka, upepo wa nchi kavu unaingia ziwani kutoka kila upande unakutana huko katikati, na maji bado yana joto, basi radi zinapikwa hapo mpaka asubuhi. tulikuwa nje ya Mbita, taa zimeshawaka, omena wamejaa, tukaona umeme uko mbali na hausikiki hata ngurumo, tukasema huo ni wa Uganda. halafu ziwa likanyamaza. hakuna kawimbi. mzee tuliyekuwa naye akasema kata nyavu, HAKUSEMA VUTA, alisema kata. tukakata, tukatupa pesa ya watu majini. tulikuwa tumebakisha kidogo tu kufika kisiwani wakati ule ubaridi ulipotupata, mawimbi yakaanza kuingia ndani ya boti na laifu jaketi zilikuwa mbili, watu wanne. mpaka leo mwenye nyavu ananidai

Mrudi Nyumbani, Kakamega
Nilisomea Oklahoma, Marekani, miaka minne, wacha niongeze yangu maana naona watu wa Kisumu wakipata upepo wowote wanasema ni tornado, ule upepo wa kuzunguka unaoshuka kutoka kwa wingu. Kule Jumamosi saa sita mchana ving'ora vinajaribiwa, wiki ya kwanza nilijificha bafuni peke yangu, jirani akanicheka mpaka akakaa chini. Wao wana onyo mara mbili. La kwanza ni kwamba hali ya kuzaa tornado iko, endelea na kazi lakini masikio yawe wazi. La pili ni kwamba imeonekana kwa macho au kwa radar, hapo unaingia chumba cha ndani kisicho na dirisha, ghorofa ya chini kabisa. Mji wa Moore ulipigwa tarehe 20 Mei 2013, ya daraja la juu kabisa, EF5, ambalo linaanzia upepo wa kilomita 322 kwa saa, watu 24 wakafa. Na hapo walikuwa wameonywa.

Sasa ya Mwenye Nyumba. Mvua ikianguka kutoka juu inapoza hewa, hewa baridi ni nzito, inaporomoka mpaka chini halafu inatawanyika mbio, mwaga ndoo ya maji kwa sakafu ya simenti utaona. Ndiyo ubaridi wako huo. Wingu linaweza kuwa bado liko kilomita kadhaa na upepo wake ushafika kwako. Swali langu: migomba ya hapo kwenu imelala upande mmoja au kila mmoja na upande wake?

Mwenye Nyumba, Mamboleo
Upande mmoja. Yote imelala ikiangalia ziwa, kama imechanwa na kitana.

Mrudi Nyumbani, Kakamega
Basi huo ni upepo wa kunyooka. Wa kuzunguka ungeiacha imepishana ovyo ovyo. Haimaanishi ni mdogo bana, mabati hayaulizi upepo umekuja na umbo gani.

Taa ya Omena
wa kuzunguka tunauona ziwani. mkonga mwembamba unashuka kutoka kwa wingu, chini maji yanachemka. usishindane nao mbio kwa njia yake, kata kando. wazee husema ni nyoka anakunywa

Mke wa Fundi
Mzee wangu anasema waulizeni kama mbao za paa zilifungwa kwa ukuta na waya ama zilikalishwa tu juu ya tofali zikaombewa. Pia mlango wa upande wa upepo ulikuwa wazi?

Mwenye Nyumba, Mamboleo
...ulikuwa wazi. Nilikuwa naingiza nguo. Na waya fundi alisema haina haja.

Majani Chai, Kericho
Huku kwetu upepo ni salamu tu, mawe ndiyo mgeni. Chai imechanika nusu saa, unakanyaga barafu na gambuti mwezi wa nne. Dalili yangu ni rangi, wingu likiwa na ukijani kijani chini yake naingiza ndama.

Jirani wa Nyuma
Mwenye Nyumba, sikujua ni wewe. Mabati tatu ziko kwangu, moja ilikata mhindi wangu mstari mzima. Kuja uchukue lakini tuongee kwanza hiyo mambo ya mahindi.

Mwenye Nyumba, Mamboleo
Nakuja. Lakini Nyar Ahero amenipigia sasa hivi, anasema amefunga kuku. Wacha nianue kwanza.