Tupeane uzoefu: kumpangia chumba ndugu aliyetoka kutibiwa akili, hapa Tanga

Wanatanga, mdogo wangu katoka hospitali ya akili ya Lutindi mwezi uliopita. Dawa anameza, usingizi anapata, utani wake umerudi. Shida chumba. Ngamiani alikokuwa akikaa, vitu vyake vilishatolewa uani na mpangaji mwingine kaingia. Dalali ananionyesha vyumba, ila mwenye nyumba akinusa habari tu, chumba "kimeshachukuliwa". Mliopitia haya mlifanyaje?

Mdau wa Makorora: Pole sana. Sisi baba mdogo tulimweka chumba cha uani kwa dada, tukajiona tumemsitiri. Sahani inapelekwa, mlango unarudishiwa. Akaanza kuongea peke yake tena. Shangazi ndiye aliyekuja juu: mtu mmemfungia, halafu mnashangaa hasemi na watu! Akahamishiwa chumba cha mbele, dirisha linatazama barazani. Asubuhi kahawa na wazee, jioni bao, na kete anaiba hadharani. Dawa ni zilezile.

Muuza mihogo, Duga: Mie ndiye mgonjwa mwenyewe. Kilichokuwa kikinirudisha hospitali ya Bombo ni kodi. Miezi sita kwa mkupuo, kwa mihogo ya nazi? Ikikaribia silali, nisipolala naanza kuruka dawa, na hapo basi tena. Sasa nakaa kwa bibi mmoja, nalipa mwezi kwa mwezi. Chumba hakina dari, mvua ikipiga bati hatusikilizani, lakini nalala.

Muuguzi mstaafu: Huyo wa Duga kasema kweli. New York mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa wa akili waliokuwa wakilala barabarani nyumba kwanza, bila sharti la kupona. Matibabu yanawafuata humo humo. Finland ikaufanya mpango wa taifa mwaka 2008. Kwetu nyumba za kugawa hazipo, ila sharti la "apone kwanza" tunalo tele. Mwanzisha mada, andikisha mkataba kwa jina lako, na mwenyekiti wa mtaa ajue mapema.

Baba mwenye nyumba: Msituseme tu. Nilimpokea mmoja, ndugu zake wakazima simu. Usiku anavunja vioo, nimpigie nani? Leteni mgonjwa na namba inayopokelewa.

Mwanzisha mada: Yangu inapokelewa mzee wangu, hata saa nane usiku. Una chumba?

Baba mwenye nyumba: Kipo Mabawa, choo cha kushea. Njoo PM. Kodi miezi mitatu, sishuki hapo.